Ejo Ni Duara Lipi?

Jumatatu, 14 Julai 2025

Darasa la awali. Mimi! Miaka yote hii nafundisha hisabati darasa la saba, leo nimekabidhiwa watoto ambao nusu yao hawajui kufunga vifungo vya mashati. Mwalimu Asmahani ameenda likizo ya uzazi kwao Pangani, na Mwalimu Mkuu ameamua kwamba kwa kuwa mzee Dionis anastaafu mwakani, apewe kazi nyepesi. Nyepesi! Saa nne nilikuwa nimelowa jasho, na Julai ya hapa Kitanga ni ya makoti.

Kiswahili hawana. Nyumbani kwao ni Kiha tu tangu wazaliwe, kama ilivyokuwa kwetu. Wanachojua ni amri: njoo, toka, kaa, nyamaza. Asmahani kaniachia picha nzuri alizochora kwa mkono wake, ila zote za kwao huko pwani — pweza, nazi, kaa. Nikainua ile ya mwisho nikasema kwa sauti ya ualimu: huyu anaitwa kaa. Darasa zima likakaa chini.

Nilicheka mpaka nikashika ubao. Wao walibaki wamekaa sakafuni, wananitazama, wanasubiri amri nyingine.

Jumatano, 16 Julai 2025

Asubuhi jikoni kwa mpishi wa shule maharage yalikuwa yanachemka. Harufu ile ikanirudisha nyuma bila kuniomba ruhusa. Nikamwona mama, Mungu amrehemu, kakaa kwenye kigoda, sisi tumemzunguka tunapukuchua maharage, na yeye anasimulia habari ya miguu ya fisi. Sijaikumbuka hadithi ile miaka na miaka.

Fisi zamani alikuwa na miguu mirefu ya nyuma, mizuri. Sungura alikuwa na mifupi. Ikatangazwa ngoma, sungura akaja kumwomba fisi amwazime miguu yake, acheze nayo siku moja tu, atairudisha. Wakabadilishana. Ndiyo sababu fisi mpaka leo anachechemea na sungura anaruka.

Nikaona hii ndiyo dawa. Miguu, ngoma, azima, rudisha, cheza — maneno yote yamo. Nikawasimulia kwa Kiswahili cha polepole, na vitendo juu: nikaruka, nikachechemea, nikacheza ngoma mzee mzima. Mwalimu Mkuu akapita dirishani akasimama kidogo, akaendelea zake.

Hawakucheka. Hata mmoja! Walinitazama kwa heshima. Sisi kwa mama tulikuwa tunagaragara.

Usiku huu nimejua sababu. Hadithi yenyewe imesimama juu ya neno moja, na neno hilo Kiswahili hakina. Sungura hasemi atairudisha kesho. Anasema *ejo*. Na ejo kwa Kiha ni kesho, na ni jana pia.

Ijumaa, 18 Julai 2025

Leo nimewasimulia kwa Kiha. Serikali inisamehe.

Fisi anafika mlangoni: nipe miguu yangu. Sungura: tulikubaliana lini? Fisi: tulisema ejo. Sungura: basi ejo imeshapita rafiki yangu, nilikuletea, hukuwepo. Fisi anarudi kwao anajikuna kichwa. Keshoye anakuja tena: hukuniletea! Sungura: nani kasema nimeleta? Tulisema ejo, na ejo haijafika, mbona una haraka. Maskini fisi akipinga huku, mwenzake yuko kule.

Walicheka mpaka mmoja akajikojolea. Nikiri — nilimwona mama kabisa, vile alivyokuwa anabadilisha sauti. Sungura alikuwa anaongea kwa pua. Nami nimeongea kwa pua.

Mwalimu Mkuu akaingia. Mwalimu Dionis, hapa ni shule au mnadani? Nikamwambia asubiri kidogo. Nikawatoa nje, nikachora maduara matatu kwenye vumbi. La katikati leo. La nyuma jana. La mbele kesho. Nikawaambia fisi alidhulumiwa kwa sababu alikuwa na neno moja. Sisi tutakuwa na mawili. Kila mtu akaruka: jana nilichota maji. Leo ninasoma. Kesho nitacheza. Mwalimu Mkuu alisimama mpaka mwisho na mikono nyuma, hakusema tena habari za mnada.

Kuna binti anaitwa Loyce, mdogo kuliko wenzake, hajawahi kufungua kinywa tangu Jumatatu. Leo alisimama kando ya maduara akaniuliza kwa Kiha, taratibu kabisa: kama mtu amesema anarudi ejo, ni duara lipi?

Swali la profesa! Nikamsifu mbele ya wenzake, wakampigia makofi ya kilo. Nikamwambia: neno ejo peke yake haliwezi kukwambia. Linaweza kuwa la mbele, linaweza kuwa la nyuma. Aliangalia maduara yale muda mrefu. Mtoto huyu atafika mbali.

Jumatatu, 21 Julai 2025

Somo linakwenda vizuri ajabu. Watoto wanaviziana uwanjani: rudisha miguu yangu! Kesho! Hapana, jana! Kwa Kiswahili. Mpishi ananiambia wamemwomba uji wa jana.

Loyce hakuja. Labda mafua, kuna baridi.

Jumanne, 22 Julai 2025

Hakuja tena.

Jumatano, 23 Julai 2025

Nimekwenda kwao baada ya vipindi. Ni mbali kidogo, ng'ambo ya bonde la mihogo. Nilimkuta Loyce kabla sijafika nyumbani. Amekaa pale njia inapogawanyika, sare amevaa, viatu amevaa, ameshika fimbo anachorachora chini. Nikamsabahi, akaamka kunipa shikamoo, akakaa tena palepale. Nikamuuliza kwa nini haji shule. Akaendelea kuchora.

Bibi yake alinikaribisha kwa Kiha chetu, "Mwakeye," akanipa kigoda na ndizi za kuchoma. Akanieleza. Mama yake Loyce alikwenda Kibondo baada ya Pasaka kutafuta kazi. Alipoondoka alimwambia mtoto atarudi ejo. Basi mtoto kangoja, bila shida. Kila asubuhi anakwenda shule, akirudi anauliza, anaambiwa ejo, analala. Mpaka Ijumaa. Ijumaa amerudi akamuuliza bibi yake kama mama alikuja jana, wakati yeye yuko shule, akamkosa, akaondoka.

Bibi kamwambia hapana mara ngapi. Haamini. Mwalimu amesema linaweza kuwa la nyuma. Kwa hiyo haendi tena. Akienda, mama akija hatamkuta. Ndiyo maana yuko njia panda.

Ndizi nikaziweka chini.

Bibi akaniambia bila ubaya wowote, "Mwalimu, wewe mbona Muha mwenzetu. Ejo tuliiachaga tu vile ilivyo." Nimerudi na giza, njia nzima nasikia aibu mpaka masikioni. Nilipompita Loyce alikuwa anaitwa ndani na hataki kutoka pale.

Ijumaa, 25 Julai 2025

Namba aliyonipa bibi haipatikani. Jana haipatikani, leo haipatikani.

Mama mwenyewe nimegundua ni Winifrida! Nilimfundisha. Alikuwa anakaa dirishani, hodari wa hesabu za sehemu, anamaliza maswali kabla sijamaliza kuyaandika. Darasa lile lilikuwa na raha yake. Madawati tulitengeneza wenyewe, mvua ikinyesha bati linapiga kelele tunaacha somo tunaimba. Winifrida ndiye alikuwa anaanzisha. Nilimwambia na yeye atafika mbali. Kumbe huwa nawaambia wote.

Loyce hajaja wiki nzima. Mwalimu Mkuu anasema Januari atarudia awali, hana jinsi, mahudhurio hayatoshi. Namwambia huyu ndiye mwenye akili kuliko wote. Ananiambia akili ikae kwenye dawati basi.

Kesho nakwenda Kibondo. Hii ni kesho ya duara la mbele.

Jumamosi, 26 Julai 2025

Nimefika, nimerudi, kiuno kimekatika.

Bibi alisema ni hoteli ya mama mmoja Kuruthumu, karibu na stendi. Kibondo nayo si ile niliyoizoea nilipokuja kuripoti kazi mara ya kwanza. Lami, maghorofa, vijana wanaongea kama wako Dar. Nilikuwa naulizia huku nakwepa pikipiki. Hoteli nikaikuta, na Winifrida nikamkuta nyuma, anakanda unga wa chapati. Alinifahamu kabla sijamfahamu. "Shikamoo mwalimu." Akatafuta pa kufutia mikono.

Nilijiandaa kufoka. Njiani nzima nilikuwa napanga maneno. Sikuweza. Bado ana uso ule wa dirishani.

Nikamuuliza anazuiwa na nani. Hazuiwi. Kuruthumu mwenyewe alikuwa anasikiliza kutoka kwenye jiko la sambusa, akaingilia kwamba amemwambia huyu binti mara nyingi nenda ukamwone mwanao, ruhusa ipo, anaitikia halafu haendi. Winifrida akainamia unga wake. Kwanza, anasema, alitaka arudi na gauni. Gauni likapatikana. Halafu siku zikawa zimekuwa nyingi.

"Nilimwambia ejo, mwalimu. Sasa nikitokea leo, nimwambie hii ndiyo ejo gani?"

Akaniuliza kama Loyce anamkumbuka. Nikamweleza ukweli: Loyce anafikiri ulishakuja, yeye ndiye aliyechelewa. Anakaa njia panda asikukose mara ya pili.

Aliacha kukanda. Akakaa kwenye gunia la unga, akajifunika uso na ile mikono yenye unga. Kuruthumu akaja akampigapiga mgongoni, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemliza, na kweli ni mimi. Alipotulia akaniambia nimwambie mtoto anakuja kesho. Au keshokutwa. Akipata gari.

Nikamwambia, "Winifrida, usinipe neno. Nipe siku."

Alifikiri kama anafanya hesabu. Jumatano. Nikarudia, Jumatano. Kuruthumu akasema yeye ni shahidi, na Jumatano asimwone hapa jikoni.

Jumapili, 27 Julai 2025

Misa ya kwanza. Padri kahubiri sana, sijasikia hata kidogo. Nilikuwa kwetu.

Mkonge. Baba alikwenda mkonge, Tanga, mimi nikiwa sijui kutembea. Wanaume wa Buha wote walikuwa wanakwenda. Tulikuwa tukimuuliza mama: baba atarudi lini? Ejo. Halafu ndipo anaanza hadithi ya miguu ya fisi! Leo ndiyo nimeona, kanisani, mzee mzima. Hakuwa anatusimulia tucheke tu. Tukiuliza baba, anatuchekesha kwa neno lilelile alilotujibu, mpaka swali linasahaulika. Na hakutudanganya. Ejo baba alikuwepo, ejo atakuwepo. Neno lilikuwa na nafasi ya kutosha tukalala ndani yake wote.

Mwisho wa hadithi siujui. Kila mara alikuwa anaiachia njiani — tutamaliza ejo — na maharage yanakuwa yameisha.

Baba alirudi nikiwa darasa la pili. Na hili ndilo linaloniuma kumkatalia Loyce. Tulikuwa tumeshahamishwa, operesheni ya vijiji, nyumba zetu za zamani zimeachwa porini. Alishuka Kasulu na koti lake na redio yake, akaenda moja kwa moja nyumbani, akakuta majani. Akalala pale. Akatutafuta kijiji hiki na kijiji kile. Kwa hiyo inatokea! Mtu anakuja, hakuti mtu. Angekuwa mwingine angerudi Tanga. Alipotufikia nilimpa shikamoo, akamuuliza mama, huyu ni yupi?

Mama tangu siku ile hakusimulia tena fisi. Niliona ni kwa sababu baba alipenda redio.

Nimemkumbuka sana mama leo. Nyumba hii imekuwa kubwa.

Jumanne, 29 Julai 2025

Jana nilishindwa kwenda kwa Loyce. Nilijisingizia kazi za kusahihisha — awali hakuna kazi za kusahihisha. Niliogopa. Nikisema halafu Winifrida asije?

Leo nimekwenda. Yuko palepale njia panda. Vumbi lote pale limejaa maduara, madogo madogo, matatu matatu. Amefuta, amechora, amefuta. Wiki nzima mtoto yule amekuwa anafanya mazoezi niliyompa.

Nikachuchumaa, magoti yakalia. Nikamwambia nimemwona mama yake. Hakuja jana. Hakuja hata mara moja, kwa hiyo hakumkosa. Anakuja Jumatano.

"Jumatano ni lipi?"

Nikamwonyesha la mbele. Nikasema kwa Kiswahili, kesho. Akasema kesho. Akasema, kwa Kiswahili, sentensi yake ya kwanza kamili niliyowahi kuisikia, "Kesho mama atakuja." Kiambishi sahihi, wakati sahihi. Akaruka na miguu yote miwili akatua katikati ya duara.

Nilitakiwa kufurahi. Nimetembea kurudi nyumbani roho iko juu. Mama yangu alinipa neno lisilokwisha. Mimi nimempa mtoto wa watu Jumatano, na Jumatano ina jioni.

Jumatano, 30 Julai 2025

Naandika nikiwa senta, kwenye benchi la duka la Nurudini, kwa sababu nikikaa bure nitaumwa.

Asubuhi Winifrida alinipigia kwa simu ya Kuruthumu. Yuko stendi ya Kibondo, anapanda. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, ofisini, Mwalimu Mkuu akaitikia amina bila kujua ni ya nini. Tangu hapo namba yake yeye haipatikani, na Kuruthumu anasema aliyemwona anapanda ni yeye mwenyewe, kwa macho yake.

Loyce alikuja shule! Kaogeshwa, kapakwa mafuta, anang'aa. Ameimba siku zote za wiki pamoja na wenzake, alipofika Jumatano akapaza sauti peke yake. Wenzake walitaka hadithi, wakataka kujua kama fisi alipata miguu yake. Nikawaambia sijui. Hawakuridhika. Baada ya vipindi bibi akakubali nije naye hapa zinaposhushia pikipiki za kutoka Kasulu, maana gari la Kibondo linaishia kule.

Ya kwanza ilishusha mfuko wa saruji. Ya pili mganga wa zahanati. Nyingine sikumbuki. Kila ikisikika Loyce anasimama, inafika, anakaa. Nurudini amempa biskuti, ameishika tu mkononi. Nimempa maneno ya kila kitu kinachopita: pikipiki, kuku, ndoo, mzigo. Anayarudia kwa adabu, macho yako barabarani.

Jua limeshuka kwenye milima ya upande wa Burundi. Sasa hivi ameniuliza, "Mwalimu, Jumatano inaisha saa ngapi?"

Nurudini alikuwa anaingiza ndoo na majembe ndani, anajiandaa kwenda kuswali. Akajibu yeye, kwa roho safi tu, mtu wa msikitini kaulizwa la msikitini: jua likizama, binti yangu, magharibi ikiingia hiyo ni Alhamisi tayari.

Loyce akaangalia jua. Limebaki ukucha.

Nikasema hapana. Nilisema kwa ukali mpaka Nurudini akageuka na ndoo zake. Nikamwambia Loyce hiyo ni hesabu ya sala, ni nzuri, lakini shule inafuata serikali, na kwa serikali siku inaisha saa sita ya usiku. Muulize Mwalimu Mkuu. Muulize yeyote. Nurudini alinitazama, akamtazama mtoto, ndipo akaelewa. Akasema kweli, kwa serikali ni saa sita, yeye alisahau. Akaturudishia taa yake ya sola nje, akaiweka kwenye benchi, akaenda zake kuswali.

Adhana imeanza. Sauti ya pikipiki iko mbali, kule mtelemkoni, sijui inakuja au inakwenda. Loyce amesimama. Jua limezama lote.

Kwa serikali bado ni Jumatano.